Maisha ya Edmond Albius, Mtoto Aliyefanya Kazi ya Nyuki

Katika masomo yetu ya elimu ya viumbe tunakutana na majina ya wataalamu wengi: Linnaeus aliyepanga majina ya mimea, Darwin aliyechungua maua na wadudu wake, Mendel aliyehesabu njegere zake katika bustani ya watawa. Hao wote walikuwa watu waliosoma, na kila mmoja aliacha maandishi yake. Leo napenda kuwasimulia wasomaji wa kurasa hizi za Kiswahili habari za mtu ambaye hakupelekwa shule, wala hakuwa hata na jina la ukoo mpaka alipokuwa mtu mzima. Hata hivyo, kazi aliyoivumbua akiwa na umri wa miaka 12 hufanywa kila msimu hapa kwetu Uganda, toka Mukono mpaka Bundibugyo, na katika kila nchi inayolima vanila. Jina lake ni Edmond Albius.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 katika kisiwa cha Réunion, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon. Kisiwa hicho kimo katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, na ni kidogo, chenye milima mirefu katikati na mashamba yaliyozunguka pwani yake. Kilitawaliwa na Ufaransa, na utajiri wake ulikuwa kahawa na miwa. Kazi zote za mashamba hayo zilifanywa na watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, na wengine kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Kwa hiyo habari za kisiwa hiki si habari za watu wa mbali tu, bali zimo pia habari za ndugu zetu waliochukuliwa wasirudi.

Mama yake Edmond aliitwa Mélise, naye alifariki wakati wa kumzaa. Baba yake aliitwa Pamphile, lakini hakumlea. Wote wawili walikuwa watumwa, na mtoto wa mtumwa alikuwa mali ya bwana tangu siku ya kwanza. Mtoto huyo yatima akaja kuishi kwa Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba katika wilaya ya Sainte-Suzanne, upande wa kaskazini-mashariki ya kisiwa.

Bwana huyo alipenda sana mimea. Alikusanya miti na maua ya kila aina katika bustani yake, na kila alipokwenda kuitazama alifuatana na Edmond. Akamfundisha kwa mdomo majina ya mimea, hata majina ya kitaalamu yanayotisha sisi wanafunzi wakati wa mtihani. Pia alimwonyesha jambo moja ambalo baadaye lilikuwa na maana kubwa. Katika mimea ya jamii ya matikiti na maboga, maua ya kiume huwa mbali na maua ya kike, na mtu akichukua unga wa ua la kiume, yaani chavua, akaupaka katika ua la kike kwa mkono wake, tunda hufanyika. Edmond alitazama, akalishika jambo hilo moyoni.

Hapa yanipasa niliache shamba la Sainte-Suzanne kidogo nieleze habari za mmea wenyewe, maana bila hivyo uvumbuzi wa mtoto huyu hauwezi kufahamika.

Vanila ni mmea wa jamii ya okidi, na asili yake ni misitu ya joto ya Meksiko na nchi za jirani zake. Hutambaa juu ya miti mingine, na hutoa maua ya rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na manjano. Watu wa kabila la Totonac waliitumia tangu zamani, na Wahispania walipoiteka Meksiko kati ya mwaka 1519 na 1521 waliipata vanila ikitiwa katika kinywaji cha kakao. Ikapelekwa Ulaya, ikapendwa na wafalme na matajiri. Kwa miaka karibu 300 Meksiko ilikuwa karibu peke yake katika kuiuza kwa ulimwengu.

Bila shaka mataifa mengine yalitaka kuilima. Wafaransa walileta vipandikizi vyake Bourbon mwaka 1819, na vingine tena mwaka 1822. Hali ya hewa ilifaa, mvua ilitosha, na mimea ikapanda juu ya miti kwa afya njema kabisa. Ikatoa maua. Lakini maua yale yalifunguka asubuhi, yakanyauka mchana, yakaanguka, wala hapakuwa na tunda. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Bellier-Beaumont alikuwa na mvanila mmoja katika bustani yake kwa karibu miaka 20, na mmea huo ulikuwa kama pambo tu.

Sababu yake ni hii. Ndani ya ua moja la vanila zimo sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike, lakini katikati yake pana kiwambo chembamba kama ulimi kinachozitenga. Chavua yake nayo si unga mkavu wa kupeperushwa na upepo kama chavua ya mahindi. Imeshikamana kama donge dogo. Kwa hiyo mmea huu hutegemea mdudu anayeweza kuingia ndani ya ua, kulibeba donge lile na kulifikisha mahali panapotakiwa. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mdudu huyo ni nyuki mdogo asiyedunga aitwaye Melipona. Watafiti wa siku hizi huielekeza kazi hiyo zaidi kwa nyuki wengine wenye rangi ya kung'aa, waitwao nyuki wa okidi. Lakini nyuki hao, wa aina hii na ile, ni wenyeji wa bara la Amerika. Bourbon kulikuwako nyuki wa asali, lakini hawakuliweza ua hili. Mkulima alikuwa ameusafirisha mmea akamwacha mfanyakazi wake kwao.

Nafikiri hili ni fundisho kubwa katika elimu ya mimea na mazingira yake. Sisi tukiutazama mmea huona mizizi, shina, majani na maua, tukadhani tumeuona wote. Kumbe sehemu moja ya mmea huo inaruka angani, na tusipoiona hatujui kwamba haipo mpaka tunapokosa matunda.

Huko Ulaya mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Charles Morren, alilifahamu jambo hilo. Mwaka 1836, katika nyumba ya vioo mjini Liège, alifaulu kuyachavusha maua ya vanila kwa mkono, akapata matunda. Lakini njia yake haikuenea katika mashamba ya nchi za joto. Ilibaki kuwa ajabu ya wataalamu, na wakulima wa Bourbon waliendelea kuyatazama maua yao yakianguka.

Basi, siku moja katika mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akitembea bustanini pamoja na Edmond. Walipoufikia mvanila ule wa zamani aliona kitu ambacho hajapata kukiona kwa miaka yote ile: maganda mawili ya kijani yakining'inia. Edmond akamwambia kwamba ni yeye aliyeyafanya maua yale yazae, kwa mkono wake. Bwana hakusadiki. Pengine alifikiri kwamba mtoto anajisifu, au kwamba ni bahati tu. Lakini siku chache baadaye aliona ganda jingine, ndipo akamtaka Edmond amwonyeshe alivyofanya.

Mtoto akaonyesha. Alichukua kijiti chembamba, akalipasua ua kidogo ubavuni, akakiinua kile kiwambo kwa ncha ya kijiti, kisha kwa kidole gumba akalisukuma donge la chavua mpaka likagusana na sehemu ya kike. Kazi yote ilikwisha kwa muda wa nukta chache tu. Hapakuhitajika darubini, wala dawa, wala nyumba ya vioo. Kilichohitajika ni kijiti, kidole, na jicho lililokwisha kulichungua ua hilo kwa makini mpaka likajua kila kilichomo.

Wengine husema Edmond alibahatisha. Mimi siamini hivyo. Mtoto aliyebahatisha hawezi kurudia tendo lile lile mara tatu na kila mara akafaulu. Edmond alikuwa amefundishwa habari za matikiti, naye akajiuliza kama ua la vanila nalo halina upande wa kiume na upande wa kike. Akautafuta, akakuta kizuizi, akakiondoa. Alianza na jambo analolijua, akauliza swali, akajaribu, akapata jibu, akalihakikisha kwa kujaribu tena. Hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa katika maabara.

Habari zikaenea kisiwa kizima. Bellier-Beaumont aliwaandikia wenye mashamba wenzake, nao wakaomba waletewe mtoto huyo. Edmond akawa anapelekwa toka shamba hadi shamba, awafundishe watumwa wenzake jinsi ya kuyaoanisha maua. Mtoto wa miaka 12 alikuwa mwalimu wa kisiwa, na bado alikuwa mali ya mtu.

Matokeo yake yalionekana upesi. Mwaka 1848 Bourbon iliuza nje kiasi cha kilo 50 tu za vanila. Mwaka 1898, miaka 50 baadaye, ilifika tani 200. Kisiwa hiki kidogo kikaipita Meksiko yenyewe, nchi ya asili ya mmea huo. Toka hapo ujuzi ulivuka bahari mpaka Madagaska, Komoro na Shelisheli. Mpaka leo vanila ya visiwa hivyo huitwa sokoni vanila ya Bourbon, na Madagaska ndiyo inayoongoza ulimwenguni. Wenye mashamba walitajirika, na wafanya biashara wakatajirika. Edmond hakupata fungu lolote katika mali hiyo.

Mwaka 1848 Ufaransa iliufuta utumwa katika makoloni yake, na kisiwa kikapewa tena jina la Réunion. Tarehe 20 Desemba mwaka huo watu zaidi ya 60,000 wa kisiwa hicho walitangaziwa uhuru wao. Kwa kuwa watumwa hawakuwa na majina ya ukoo, kila mmoja alipewa jina la kuandikwa katika daftari la serikali. Edmond akaitwa Albius. Inasemekana jina hilo limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya weupe, na watu wengi hulihusisha na ua la vanila.

Uhuru huo ulikuja mikono mitupu. Edmond alikuwa na umri wa miaka 19, yaani umri wangu mimi ninayeandika habari hizi. Hakuwa na shamba, hakuwa na fedha, wala hakuwa na cheti cha kazi yoyote. Alihamia mji mkuu, Saint-Denis, akafanya kazi ya jikoni katika nyumba za watu. Baada ya muda mfupi akaingia katika matata makubwa. Mwaka 1852 alishitakiwa kwa wizi wa vito, akahukumiwa kifungo na kazi ngumu. Sioni haja ya kulificha jambo hili, kwa maana maisha ya mtu husimuliwa yote. Lakini mtu anayelisimulia asisahau kusimulia pia kwamba katika miaka ile ile wengine walikuwa wakihesabu faida ya kidole chake.

Waliomkumbuka walikuwa wachache. Bellier-Beaumont pamoja na hakimu wa Sainte-Suzanne waliomba kwa wakuu ahurumiwe, wakieleza jinsi kisiwa kizima kilivyonufaika kwa ajili yake. Ombi likasikilizwa, Edmond akafunguliwa kabla ya muda wake kwisha, akarudi Sainte-Suzanne.

Shida nyingine ikazuka, nayo ni ya heshima yake. Mtaalamu mmoja maarufu wa mimea kisiwani, Jean Michel Claude Richard, aliyekuwa mkuu wa bustani ya serikali mjini Saint-Denis, alidai kwamba yeye ndiye aliyeivumbua njia ile. Alisema kwamba aliwaonyesha watu kisiwani mwaka 1838, na kwamba Edmond lazima alikuwapo akatazama. Wengi walikuwa tayari kusadiki, kwa sababu iliwawia vigumu kukubali kwamba mtoto mweusi, mtumwa, asiyejua kusoma, aliweza kufanya lililowashinda wakubwa. Bellier-Beaumont akaandika kumtetea Edmond. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: kama Richard aliwaonyesha watu mwaka 1838, kwa nini hakuna hata mkulima mmoja aliyeitumia njia hiyo mpaka mwaka 1841, na kwa nini wote walimwita Edmond aje kuwafundisha? Swali hilo halikujibiwa. Ni kwa barua hizo, na kwa maandishi ya wenyeji wachache wa kisiwa waliopenda haki, kwamba leo tunalijua jina la Edmond.

Yampasa Bellier-Beaumont sifa kwa kusema kweli, ingawa tusisahau kwamba alikuwa bwana wa watumwa. Juhudi za kumwombea Edmond msaada wa fedha kutoka serikalini hazikuzaa kitu. Edmond Albius alifariki tarehe 9 Agosti 1880, katika hospitali ya maskini ya Sainte-Suzanne. Alikuwa na umri wa miaka 51. Gazeti la kisiwa lilieleza kifo chake kwa maneno machache, likasema kwamba mwisho wake ulikuwa wa umaskini na taabu. Siku hizi ipo sanamu yake huko Sainte-Suzanne.

Sasa nitazame hapa kwetu. Wakulima wa vanila wa Uganda hupata misimu miwili kwa mwaka, kwa kuwa tuna vipindi viwili vya kiangazi vinavyoufanya mmea uchanue. Katika msimu wa maua nimewaona kina mama wa kwetu wakiingia shambani alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na jua likishapanda limekwisha. Kwa hiyo yawapasa kupita kila mmea kila siku kwa majuma mengi, kwa sababu kila shada lina maua mengi nayo hayafunguki pamoja. Mtu hodari huweza kuoanisha maua 1,000 na zaidi kwa siku moja. Hawayaoanishi yote, maana mmea uliolemewa na maganda hudhoofika. Ua lililopata chavua hubaki limeshika shina, lisilopata huanguka. Baada ya hapo ni kungoja miezi kama tisa, kisha kuyachovya maganda katika maji ya moto, kuyafunika yatoe jasho, na kuyaanika kwa majuma kadha mpaka yawe meusi na yenye harufu nzuri. Ndiyo maana bei yake ni kubwa. Kila ganda mtu anunualo limeguswa na mkono wa mtu tangu lilipokuwa ua.

Liko na jambo jingine ambalo watafiti wa siku hizi wametufundisha. Mivanila mingi ya visiwa vya Bahari ya Hindi imetokana na vipandikizi vya asili moja, vilivyokatwa na kupandwa tena na tena tangu zama za Edmond. Yaani mashamba hayo makubwa ni kama mmea mmoja uliogawanywa. Mimea isiyotofautiana ikipatwa na ugonjwa mmoja, kama ule ukungu unaoozesha mizizi, hakuna wa kunusurika. Katika msitu wa Meksiko nyuki huchukua chavua ya mmea huu akaipeleka kwa mmea ule, na uzazi unachanganyika. Kidole cha mtu hulioza ua kwa nafsi yake lenyewe. Kwa hiyo kidole kimeziba pengo la nyuki kwa matunda, lakini hakikuliziba kwa uzazi, na misitu ile ya asili ingali inahitajiwa na kila mkulima wa vanila, hata yule ambaye hataiona maisha yake yote.

Nasi tuna mazao yetu yanayomtegemea mdudu. Kahawa ya robusta haiwezi kujichavusha yenyewe. Huhitaji upepo na nyuki. Pasheni huhitaji wale nyuki wakubwa weusi watobao mbao, ambao watu huwafukuza kwa sababu ya sauti yao. Maboga na matikiti yetu hungoja nyuki kila asubuhi. Edmond aliweza kushika nafasi ya nyuki kwa sababu vanila ni zao la thamani kubwa, lenye kulipa gharama ya mikono mingi. Nani ataweza kuoanisha maua ya kahawa ya kijiji kizima, moja moja? Basi, wenzangu mnaokwenda likizo msimu huu, mkipata nafasi kaeni saa moja tu karibu na ua la boga shambani kwenu, mhesabu ni wadudu wangapi wanaolijia na ni wa aina gani. Kazi hiyo haihitaji fedha wala chombo, na mkiyaandika mtakayoyaona katika daftari, mwaka hadi mwaka, mtakuwa mmeanza utafiti wa kweli.

Wahenga wamesema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Edmond Albius alinyongwa na utumwa, na umaskini, na wivu wa wenye elimu. Haki yake iliyobaki ni jina lake kutajwa mahali kazi yake inapofanyika. Nawaomba walimu wetu, na ninyi wazee mliosoma hapa zamani ambao sasa mna mashamba yenu, mnapowafundisha watoto kukiinua kile kiwambo kwa kijiti, muwaambie pia ni mtoto gani aliyekiinua kwanza.